Naomba ushauri: niandike vipi maisha ya Jenerali Francis Ogolla?

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa wangu. Ninaandaa wasifu mfupi wa marehemu Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, nami ninahitaji mawazo yenu kabla sijaendelea.

Tatizo ni hili: kila anayemtaja huanza na ajali ya helikopta ya Aprili 18, 2024, kule Elgeyo Marakwet, iliyomuua yeye na wenzake tisa, kisha husimulia alivyozikwa Alego, Siaya, katika muda wa saa 72 na bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza mwenyewe. Wosia huo ni mzito na sitauacha. Hata hivyo, naona si haki kifo kimeze utumishi wa takribani miaka 40, wa kijana aliyejiunga na jeshi mwaka 1984, akafunzwa urubani wa ndege za kivita nchini Marekani, akawa mwalimu wa marubani, akaliongoza Jeshi la Wanahewa la Kenya kuanzia 2018 na hatimaye, Aprili 2023, akawa Mkuu wa Majeshi.

Je, nianze na ualimu wake wa urubani, ambao kwangu ndio kiini, au nifuate miaka kwa mpangilio? Na kwa mliowahi kuandika habari za wanajeshi: wastaafu waliotumikia naye huombwaje kusimulia, bila kuwaingiza katika mambo ya siri, na familia ishirikishwe katika hatua gani?