Kiwanda kilifungwa, nyumba za bei nafuu zikaahidiwa, mabati bado yamezunguka eneo: tupeane uzoefu

Wakuu, hapa Dar kuna maeneo ya viwanda vya zamani yaliyoahidiwa nyumba za bei nafuu, na hadi leo ni uzio tu. Anayeijua kazi hii kwa undani, iwe ardhi, udongo, benki au ujenzi, aseme mradi hukwamia wapi na mwananchi akague nini kabla ya kutoa hela ya awali. Siasa tuwaachie wenye nyuzi zao.

Mtu wa ardhi, Kinondoni
Anza na hati. Viwanja vya Chang'ombe, Barabara ya Nyerere na Ubungo vingi vilitolewa kwa matumizi ya viwanda, na hapo hapaoti ghorofa la makazi mpaka matumizi yabadilishwe. Maombi yanaanzia halmashauri yakiwa na nakala ya hati, ramani ya upimaji na risiti za kodi ya ardhi. Kibao kinasimikwa kiwanjani na tangazo linatoka gazetini ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Kamati ya mipango miji ikipitisha, faili linakwenda wizarani. Likikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa na mpya inaandaliwa.

Faili huchelewa kwa mambo mawili. La kwanza ni kodi ya ardhi ya miaka mingi ambayo mmiliki hakulipa. La pili ni mipaka: ukuta wa kiwanda haukai juu ya bikoni (alama za mpaka zilizopimwa), na nje yake watu wameshajenga vibanda na nyumba. Upimaji ukirudiwa, mgogoro unazaliwa siku hiyo hiyo.

Wewe mnunuzi omba namba ya hati, nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi. Soma jina la mmiliki, matumizi yaliyoandikwa, na kama kuna rehani au zuio.

Wakili
Naongezea kwenye rehani. Viwanda vingi vya umma vilibinafsishwa miaka ya 1990, na hati ikishaingia benki kama dhamana ya mkopo, hakuna hati za sehemu ya jengo zitakazotoka mpaka benki iiachie. Sheria ya 2008 inaruhusu kila nyumba ya ghorofani iwe na hati yake, lakini hati mama, yaani ya kiwanja kizima, lazima iwe safi kwanza.

Mtu anaweza kuuliza mbona serikali haichukui eneo. Hati huja na sharti la kuendeleza, mara nyingi ndani ya miezi 36. Likivunjwa, mmiliki anapewa ilani na nafasi ya kujieleza, na mwenye mamlaka ya kufuta miliki ni Rais. Kesi ikifunguliwa katikati na zuio la mahakama likatoka, kila kitu kinasimama.

Fundi sanifu wa mazingira, Temeke
Watu wanasahau udongo, na hapa ndipo pesa zinapopotelea.

Paa la asbesto haliangushwi na kijiko (mtambo wa kubomolea). Linaloweshwa maji yenye sabuni kidogo, boliti zinafunguliwa, shiti zinashushwa kwa mkono zikiwa nzima na kufungwa kwa nailoni nene matabaka mawili. Fundi avae barakoa ya FFP3. Ile ya hospitali haizuii nyuzi ndogo za asbesto. Mkandarasi mwenye haraka anavunja tu, nyuzi zinachanganyika na kifusi, kifusi kinauzwa kujazia viwanja vya mabondeni. Sumu imehamia kwa familia nyingine ambazo hata hazijui ilikotoka.

Sampuli za udongo zichukuliwe kwa gridi, tuseme kila mita 20, kwenye sentimita 30 za juu, kisha mita 1 na mita 2. Ongeza sehemu zenye shaka: palipokuwa na transfoma (mafuta ya zamani yanaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu), stoo ya kemikali, tangi la mafuta lililofukiwa, mfereji wa maji machafu. Sampuli za mafuta ziwekwe kwenye chupa za kioo na kwenye baridi ya nyuzi 4. Kosa ninaloliona sana ni kuchanganya sampuli kumi kuwa moja ili kupunguza gharama za maabara: pale penye sumu kali panafichwa na udongo safi wa pembeni.

Mwanachama
Dada au kaka wa mazingira, cheti cha NEMC, baraza la mazingira la taifa, si kinatosha?

Fundi sanifu wa mazingira, Temeke
Ndugu, omba ripoti yenyewe. Kama inazungumzia vumbi na kelele za ujenzi bila jedwali la majibu ya maabara, udongo haukupimwa. Uliza na kisima. Mchanga wa Dar unapitisha maji haraka, hivyo sumu ya udongo inaweza kufika kisimani, na ghorofa nyingi huchimba kisima kwa ajili ya siku ambazo bomba halitoi.

Mtu wa mikopo ya nyumba
Bei nafuu ipigieni hesabu. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15, miaka 20, ni kama sh 790,000 kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 190. Wanunuzi wakishindwa kukopesheka, mwendelezaji naye hapati fedha za awamu ya pili.

Mkadiriaji majenzi
Maeneo haya hayafanani. Kawe, palipokuwa na kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, ardhi ilikuwa mikononi mwa NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) na ujenzi wa nyumba za Samia Housing Scheme ukaanza. Magomeni Kota haikuwa kiwanda, lakini kaya 644 zilisubiri nyumba mpya karibu miaka kumi hadi 2022, ardhi ikiwa ya serikali muda wote. Kwa hiyo hati safi peke yake haijengi, fedha iwepo.

Kwenye bei mliyotangaziwa, ulizeni kama VAT, transfoma na mfumo wa majitaka vimo. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka, na mashimo ya ghorofa la watu mia mbili kwenye maji ya chini yaliyo karibu ni gharama kubwa.

Malipo yafuate hatua: msingi, kila sakafu, paa, umaliziaji, kila moja ikiwa na cheti cha msanifu majengo. Hela iingie akaunti ya mradi inayohitaji saini ya benki. Mkataba utaje tarehe ya kukabidhi, na namna ya kurudishiwa fedha ikipita.