Baiskeli ipite kushoto, au ikabiliane na magari?

Ndugu zangu, juzi jioni hapa Shinyanga tulibishana kwa fundi baiskeli mpaka giza likatukuta. Mzee mmoja ninayemheshimu tangu utotoni alisema: "Mimi napita kulia. Gari la kuniua nilione linakuja." Karibu wote wakamuunga mkono. Mimi nilimkatalia, na naileta hoja hapa.

Hofu yake naijua. Lori likikupita kwa nyuma, upepo wake peke yake unakuyumbisha, sembuse ukiwa na gunia la mkaa kwenye keria. Na kweli mtembea kwa miguu, pasipo na njia yake, hufundishwa apite kulia ayaone magari. Lakini yeye anaweza kuruka pembeni. Wewe na mzigo wako utaruka vipi?

Tupige hesabu. Wewe unakwenda kilomita 15 kwa saa, gari 50. Ukipita kulia mnakaribiana kwa 65. Mkiwa mita 50 mnakutana kabla ya sekunde tatu. Ukipita kushoto linakufuata kwa 35, na dereva anapata sekunde tano za kukuona, kushika breki au kukukwepa.

Lakini linaloniumiza zaidi ni njia panda. Dereva anayetoka kwenye vumbi akikata kushoto kuingia lami hutazama kulia, maana magari ya upande anaoingia yanatokea huko. Wewe unayekuja kutoka kushoto kwake hayumo kabisa katika mawazo yake. Bajaji iliwahi kunigonga hivyohivyo. Nilipita kulia mita 100 tu, nifupishe njia ya sokoni. Niliiona vizuri sana. Niliona kisogo cha dereva mpaka tairi langu la mbele lilipopinda. Kuona kwangu hakukunisaidia chochote, kwa sababu yeye hakuniona.

Mzee nampa haki kwenye jambo moja: usiku nyuma yetu ni giza tupu. Rifrekta ya kwenye matigadi hufunikwa na madumu au gunia, dereva akakuona ameshakufikia. Hilo ni la kutafutia dawa, tena haraka, ila dawa ni kufunga taa nyekundu juu ya mzigo wenyewe. Kuhamia kulia si dawa.

Sasa nawauliza mnaopita kulia: mkifika njia panda mnafanyaje? Na mnaobeba mkaa alfajiri, taa mnaifunga wapi kwenye gunia isidondoke?