MJADALA: Wasichana wa Kenya wazuiwe kwenda kufanya kazi za ndani Saudia au la?

Binti wa Kisauni: Nauliza kwa uchungu. Binamu yangu amerudi kutoka Riyadh mwezi uliopita na mfuko mmoja wa plastiki, ndani mna abaya na chaja basi. Miaka miwili ya kazi za ndani, miezi saba hajalipwa. Mpaka leo yuko kwetu na bado anaomba ruhusa kufungua friji. Serikali ipige marufuku kabisa au?

Mkereketwa: Marufuku tulishaiona. 2014 si walifuta leseni za maajenti mia tisa na kitu, safari za Gulf zikafungwa? Watu wakapitia Uganda, wakifika kule ubalozi hata hauwajui. 2017 wakafungua tena. Ugonjwa ni kafala, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja: mwajiri ndiye ameshika kibali chako cha kuishi kule, ukitoroka mateso wewe ndiye unatafutwa na polisi.

Mama Tatu: Tuseme ukweli, wengine ni tamaa. Wakisikia riyali 900 kwa mwezi wanapagawa, mkataba umeandikwa Kiarabu na wanasaini tu. Kazi zipo hapa.

Binti wa Kisauni: Tamaa?? Mamake binamu yangu ana kisukari, insulini ni kila mwezi. Hilo neno lifute tafadhali.

Mzee wa Kongowea: Wanangu, sheria ipo tangu 2010. Kusafirisha watu kiharamu ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili, ukirudia ni maisha. Na mfuko wa kusaidia wahanga umo humo humo. Lakini ajenti wa mtaani kwetu alibadilisha jina la ofisi tu, namba ya simu ni ile ile.

Binti wa Kisauni: Shikamoo mzee. Huo mfuko unaombwa wapi? Binamu yangu usiku hapati usingizi, anataka mtu wa kuongea naye anayejua mambo haya, tumezungushwa wiki tatu.

Juakali: Mimi nimekwama kwa hiyo "kazi zipo hapa". Mama Tatu, msichana wako wa kazi unamlipa ngapi kwa mwezi?

Mama Tatu: Elfu nane, chakula na kulala juu yangu, watoto wanamwita anti. Usinifananishe na watesaji!

Juakali: Elfu nane, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka mtoto wa mwisho alale. Riyali 900 inapita elfu thelathini. Halafu unamwita mwenzako mwenye tamaa.

Mkereketwa: Jamani mishahara ya hapa si mada, tulikuwa kwa kafala

Juakali: Ni mada. Kitambulisho chake kiko wapi mama?

Mama Tatu: Kwa droo yangu. Aliyetangulia alinitoroka na simu ya mtoto, kwa hivyo nakiweka kwa usalama.

Binti wa Kisauni: Binamu yangu aliambiwa hivyo hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajavua viatu. Lete pasipoti tukuwekee kwa usalama.

Mama Tatu: Mimi sijawahi kumpiga mtu, usinitie kundi moja na hao. Kitambulisho nitampa jioni nikifika. Lakini huyo ajenti afungwe.