Kocha wa kulipia au ujifundishe mwenyewe? Nina miezi minne kabla ya mbio za kilomita 21 mwezi wa Novemba

Mpanda_Naguru:
Habari zenu wakimbiaji. Mi mwaka wa pili huu nakimbia, nilianza na kilomita 5 ya kukimbia kidogo kutembea kidogo, mwaka jana nikamaliza 10 kwa dakika 58, sasa nimejiandikisha 21 ya Kampala Novemba. Kuna kocha hapa mjini anataka laki mbili na nusu kwa mwezi, anakuandikia mazoezi halafu Jumamosi mnakutana uwanjani. Rafiki yangu anasema nimechanganyikiwa, hiyo hela ninunue raba nzuri na ratiba nichukue bure kwa intaneti. Sikimbilii zawadi mimi, nakimbia kitambi na sukari ya ukoo. Mliojaribu hizi njia mbili nisaidieni.

kikomando_mbili:
Laki mbili na nusu?? Banange. Kwa miezi minne ni milioni nzima hiyo ssebo. Mi nimejifundisha toka mwanzo na 21 nimekimbia mara tatu. Wala hakuna siri, siku tatu kwa wiki unakimbia pole pole kiasi unaweza kumsimulia mwenzako mambo ya jana bila kuhema, siku moja kasi, Jumapili ndefu. Ile ndefu unaongeza kilomita moja au mbili tu, na wiki ya nne unapunguza mwili upumue. Huyo kocha atakuandikia hivyo hivyo, tofauti ataweka rangi kwenye jedwali.

Dada_wa_Busia:
Kaka kikomando usemayo ni kweli ila mi ratiba nilikuwa nayo, tena nimeiprinti nimebandika kwa friji. Shida ilikuwa mimi. Siku ya pole pole mtu akinipita pale Lugogo roho inaniuma namfuata, kurudi nyumbani naandika "mbio nyepesi" kumbe nimeshindana na mtu hata hajui kama tunashindana 😂. Wiki ya sita muundi wa kushoto ukaanza kuuma, mwanzo unauma ukianza kukimbia halafu unaacha, baadaye hauachi, mwisho ukawa unauma sehemu moja tu ukigusa na kidole. Nikaendelea nao wiki mbili eti nitazoea. Mfupa ulikuwa umeanza kupata ufa, miezi miwili sikukimbia, na hela ya picha na fizio ukijumlisha hata usiniulize.

Na kinachodanganya ni kwamba husikii uchovu. Pumzi inakuja haraka, wiki chache tu unajiona umeiva, lakini mifupa na kano zinachukua miezi mingi kuzoea ule mgongano wa mguu na barabara. Kwa hiyo kifua kinasema twende na mguu bado haujafika.

MtuWaKapchorwa:
Dada pole sana. Hilo la kufuata mtu si la wanaoanza peke yao. Mlikuwepo Kololo hapo Kampala 2017, mbio za nyika za dunia? Joshua Cheptegei, mkimbiaji wetu wa Uganda, yuko mbele, nyumbani kwake, uwanja wote unapiga kelele, mzunguko wa mwisho miguu ikagoma kabisa, watu wanampita tu, akamaliza wa 30. Mi nilikuwa pale kwenye kamba, nililia kama mtoto. Miaka mitatu baadaye yuleyule akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia, 26:11. Na alikuwa na kocha, Addy Ruiter wa Uholanzi. Kocha hakuzuii kukosea siku moja, ila baada ya kukosea kuna mtu wa kukaa naye mkaangalia ilikuwaje.

Ila nikuambie Mpanda, huku kwetu Kapchorwa wengi hawaanzi na kocha, wanaanza na kundi. Saa kumi na mbili asubuhi unakuta watu ishirini barabarani, mkubwa wao akisema leo pole pole basi ni pole pole, ukitoka mbele wanakucheka. Na tuko juu ya bahari karibu mita 1,900, hewa nyepesi, kwa hiyo ukijifanya mjanja pumzi inakuumbua mapema.

Afande_mstaafu:
Vijana mnasahau historia. John Akii-Bua, Mganda mwenzetu, Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, alipangiwa njia ya kwanza ile mbaya ya ndani kona kali, akashinda kwa 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Alikuwa askari polisi, na nyuma yake kocha Malcolm Arnold. Mtu hajioni mgongo wake. Lipa hiyo hela.

kikomando_mbili:
Afande shikamoo, kwa heshima zote mzee wangu, Akii-Bua alikuwa anatafuta dhahabu, huyu anatafuta kufunga mkanda tundu la ndani.

Afande_mstaafu:
Marahaba. Mkanda nao una nidhamu yake.

raba_za_owino:
Mi nilienda katikati, apu ya kulipia, bei ndogo kuliko kocha. Inapanga kila kitu, inakupigia kelele kwenye saa. Ilienda vizuri mpaka nikashikwa na malaria. Nimelala natetemeka, apu inaniambia leo kilomita 12 na usikate tamaa! Nilipopona nikaona nimeachwa nyuma, nikajaribu kulipa deni la wiki nzima kwa siku tatu, nikarudi kitandani. Mtu mwenye akili angeniambia anza na kutembea, wiki iliyopotea imepotea. Tena hizo ratiba zimeandikwa kwa watu wa tambarare, ukitaka ile kasi wanayosema huku ukipanda Kololo utatapika. Milima ya hapa fuata pumzi, saa weka mfukoni.

Na kuhusu raba, rafiki yako yuko sawa nusu. Raba nzuri za mtumba zipo soko la Owino lakini bonyeza soli ya katikati kwanza, ikiwa ngumu kama ubao achana nayo hata kama juu inang'aa.

Dada_wa_Busia:
Mpanda kabla hujatuma hela mpigie huyo kocha usikilize. Mimi baada ya mguu kupona nilijaribu mmoja, akaniweka kwenye grupu la WhatsApp, watu arobaini ratiba moja, mimi niliyetoka kuumia na kijana wa chuo tunakimbia intavo zilezile, yaani kasi kidogo pumzika kidogo. Hakuwahi kuniuliza naumwa wapi. Hiyo si laki mbili na nusu ya kocha, ni ya grupu. Anayefaa atakuuliza maswali kabla ya kutaja bei: uliumia lini, unalala saa ngapi, kazi yako ya kusimama au ya kukaa, hiyo sukari ya ukoo umepima?

Mpanda_Naguru:
Haya nimempigia jana jioni, tumeongea kama nusu saa. Ameuliza kuumia, ameuliza kulala, na sukari amesema nipime kabla hatujaanza. Nikamwambia nataka 21 chini ya saa mbili, akacheka, akasema kwa hiyo 58 yangu nihesabu saa mbili na dakika kumi hivi na nikimaliza natabasamu nishukuru. Halafu akasema wiki tatu za kwanza nikimbie bila saa, pole pole tu, hakuna kasi hata siku moja. Yaani nilipe laki mbili na nusu niambiwe nikimbie pole pole! Nilikasirika kidogo kusema ukweli. Ila nimelipa, mwezi mmoja kwanza, nikiona ananifaa naongeza, nikiona hapana naingia kwenye kundi.

kikomando_mbili:
Si ndo nilikuambia pole pole?? Tena bure!

Dada_wa_Busia:
Ulimwambia. Angefuata?

kikomando_mbili:
🙄 Jumamosi nani yuko Kololo saa kumi na mbili?

raba_za_owino:
Mi nipo mvua isiponyesha. Ikinyesha nipo kwenye chai.