Malta na mama mtu mzima: ziara ipi ya siku moja inastahili hela?

Mchaga_wa_Elbe
Wakuu, habari za jioni. Niko Hamburg, mama anakuja kutoka Moshi mwezi wa nne, na viza yake ya Schengen inamruhusu kuingia Malta bila mchakato mwingine. Paris amesema haimhusu. Anataka kuona kisiwa ambako meli ya Mtume Paulo ilivunjika, kile cha Matendo 28 chenye habari ya nyoka na moto. Ana miaka sabini na ushee, goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike hotelini mtagombana.

Nimepitia matangazo mpaka macho yamechoka, nimebakiwa na manne. Kuna basi la kuzungusha watalii kisiwa kizima kwa siku moja, na mwongozaji ndani. Kuna safari ya boti ya Gozo na Comino, visiwa vya jirani, pamoja. Kuna matembezi ya kuongozwa Valletta, mji mkuu, na Miji Mitatu ya ng'ambo ya bandari. Halafu yale mabasi ya ghorofa ya kupanda na kushuka utakapo. Mliofika nilinganishieni. Jibu la "inategemea" sitaki.

Bint_Kibokoni
Karibu ndugu yangu. Hilo basi la kisiwa kizima liache kama lilivyo. Malta pamoja na visiwa vyake ni kilomita za mraba 316 hivi, haifiki hata robo ya Unguja, ndiyo maana watu hudhani itaisha kwa siku moja. Kinachokula siku ni foleni, na basi lenyewe kuokota abiria hoteli kwa hoteli, Buġibba, St Julian's, Sliema, ndipo safari ianze. Sisi tulifika Mdina jua limeshapanda, tukapewa muda wa kupiga picha langoni na kurudi. Muda mrefu kuliko wote tulipewa wapi? Ta' Qali, kwenye maduka ya vioo! Mwongozaji alikuwa mcheshi, sina neno naye, ila ratiba ndiyo ilikuwa bosi.

Mdina nenda mwenyewe kwa basi la kawaida, alasiri, mabasi ya watalii yakishaondoka. Ni mji wa ukuta, wakazi wake hawafiki mia tatu, na vichochoro vinapinda pinda kama vya kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Nje tu ya ukuta ni Rabat, na hapo mama yako atafurahi: kuna pango ambalo mapokeo yanasema Paulo alikaa, na makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale. Makaburini kuna ngazi na njia za kuinama, mwambie mapema.

Mzee_wa_Feri
Kijana, nikuongezee la Gozo, maana wengi huharibu hapo.

Gozo na Comino kwa siku moja ni biashara ya mwenye boti. Gozo unapewa saa chache za haraka haraka, halafu mnashushwa Blue Lagoon, ghuba ya Comino, kuogelea. Mwezi wa nne maji bado ya baridi, na mama mwenye goti atakaa juu ya mwamba akiwalinda mikoba. Tenganisha.

Gozo ukienda peke yake, feri inatoka Ċirkewwa hadi Mġarr kwa dakika 25 hivi, na nauli unalipa wakati wa kurudi tu, euro 4.65. Kuna boti ya kasi pia inayotoka Valletta moja kwa moja, kama dakika 45, haibebi magari. Ukishavuka, hapo sasa mlipe mwongozaji. Wako vijana wenye bajaji, naam, bajaji hizi hizi tunazozijua, wanaokuzungusha huku wanasimulia. Zinapita vijia ambavyo basi kubwa haliingii, na zinasimama mlangoni, mama hatembei sana.

Sharti wakupeleke Ġgantija. Ni mahekalu ya mawe ya miaka ya 3600 KK hivi, yametangulia piramidi za Giza kwa karibu miaka elfu moja. Wenyeji wanasimulia kwamba aliyejenga ni jimama moja lililokula maharage na asali, likabeba mawe huku mtoto yuko begani. Ukisimama chini ya yale mawe utaona kwa nini hawakutafuta maelezo mengine. Kisha Cittadella, ngome ya mji wa Victoria, mashamba ya chumvi ya Xwejni yaliyochongwa mwambani, na kanisa la Ta' Pinu.

Neno moja la kuwapima wauzaji: ukiona tangazo bado lina picha ya lile tao la mwamba la Dwejra, Azure Window, pita. Lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017. Dwejra yenyewe bado inafaa kwenda, ila tao halipo.

Kijana_wa_Ilala
Mzee umemwonea Comino 😂 Sisi tulikwenda mwezi wa nane tukiwa genge, tukala bata. Ila kwa kesi ya huyu ndugu nakubali, siyo kwa bi mkubwa. Na anayetaka kwenda ajue siku hizi Blue Lagoon ni lazima ujiandikishe kwanza mtandaoni, watu walikuwa wamezidi.

Mama_Zawadi
Nasoma hapa naona chaguo la Valletta limerukwa, na mimi ningelipa mwongozaji hapo kabla ya pengine popote. Gozo macho yanaweza kujiongoza. Valletta bila mtu wa kukusimulia ni majumba ya mawe ya manjano tu.

Omba muanzie Birgu, mmoja wa ile Miji Mitatu, ng'ambo ya bandari, halafu ndiyo Valletta, kwa sababu ndivyo historia ilivyokwenda. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la wapiganaji wa Kikristo, walipewa kisiwa mwaka 1530, wakakaa Birgu. Mwaka 1565 Waturuki wa Osmani wakawazingira miezi karibu minne wakashindwa, na mwaka uliofuata mkuu wa mashujaa, La Valette, akaweka jiwe la kwanza la mji mpya upande wa pili. Ukianzia Valletta, kama ratiba nyingi zinavyofanya, unasikia mwisho kabla ya mwanzo. Kuvuka mnapanda feri ndogo au dgħajsa, mashua za kienyeji, kisha lifti inawapandisha hadi bustani ya Barrakka ya Juu. Goti limepona hapo. Saa sita mchana na saa kumi jioni wanapiga mzinga, mtahadharishe mama asije akaruka.

Kwenye kanisa kuu la Yohane, sakafu yote ni makaburi ya mashujaa, marumaru ya rangi, mafuvu yanakutazama kutoka chini ya viatu. Visigino vyembamba haviruhusiwi, na mabega yafunikwe. Ndani kuna picha ya mchoraji Caravaggio ya mwaka 1608, Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa, upana wake unapita mita tano. Mwongozaji wetu alituacha tutazame kwanza, ndipo akatuonyesha: damu inayotiririka shingoni inaishia kwenye jina la mchoraji. Ndiyo kazi yake pekee aliyoitia sahihi. Mimi peke yangu ningepita. Jumapili watalii hawaingii, panga siku nyingine.

Na kwa ajili ya Paulo, humo humo Valletta kuna kanisa la kumbukumbu ya kuvunjika kwa meli yake. Wanatunza mfupa wa kifundo cha mkono wanaosema ni wake.

Mchaga_wa_Elbe
Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Basi la ghorofa je? Na mahekalu ya chini ya ardhi, Hypogeum?

Bint_Kibokoni
Basi la ghorofa lichukulie kama usafiri, usilitegemee kama mwongozaji. Masimulizi ni ya kurekodiwa, unasikiliza masikioni, na juu kuna upepo wa kuondoka na mtandio. Lakini ile njia ya kusini inawafaa: inafika Ħaġar Qim, mahekalu mengine ya mawe, na Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi. Pale Marsaxlokk mashua za wavuvi zimechorwa macho mawili mbele, kama majahazi ya Lamu yalivyowekwa jicho. Nilisimama nikacheka peke yangu.

Hypogeum wanaingiza watu 80 tu kwa siku, kwa vikundi vidogo. Kata tiketi leo, usingoje mama apande ndege. Iko Paola, na wenzangu Waislamu, msikiti wa Mariam Al-Batool uko mji huo huo.

Otieno_Croydon
Wasaa. Sisi wa Uingereza wenye pasipoti ya Kenya tukumbuke kibali cha kukaa London hakitufikishi Malta, Schengen ni lazima. Zuri ni kwamba wanaendesha kushoto na plagi ni zile zile za pini tatu, chaja ya nyumbani inaingia bila adapta.

Mchaga_wa_Elbe
Basi nimefunga hesabu: mwongozaji Birgu na Valletta, bajaji Gozo, Mdina na Rabat tunajiendea wenyewe alasiri, basi la ghorofa siku ya kusini. Comino nimeifuta. Blue Grotto je, yale mapango ya baharini ya kwenda kwa boti, niikatie tiketi kabisa?

Mzee_wa_Feri
Usilipe mapema. Upepo ukivuma zile boti hazitoki. Ulizia asubuhi ile ile kabla hamjapanda basi.