Kuwinda kulungu kwa upinde mwezi wa nane, jangwa la Arizona, ardhi ya umma: maji, nyama na umbali

Mkazi_Tucson

Wakuu, salaam. Tuko wawili, wakazi wa Arizona, leseni na vibali vya kulungu vya upinde tunavyo kwa msimu wa mwishoni mwa Agosti. Tunalenga vilima vya msitu wa Coronado kusini mwa Tucson. Tukikosa, tutashuka kwenye ardhi ya BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma) na ile ya jimbo. Mchana joto linagonga nyuzi 38 hadi 40. Pinde ziko sawa, shabaha ya mita 30 tunaiamini. Yanayotusumbua ni matatu: maji kiasi gani, tukae kwenye lambo au tutafute kwa darubini, na nyama itafikaje nyumbani ikiwa nzima. Naomba namba, maana "bebeni maji ya kutosha" tumeshaambiwa sana.

Kisu_Butu

Mkuu, anza na hilo la nyama, ndilo linaloamua mengine yote. Kwa joto hilo usiingie mbali kuliko uwezo wako wa kuitoa nyama na kuifikisha kwenye barafu kwa wakati. Kulungu anakufa akiwa na joto la mwili la nyuzi 38 na ushei, na hewa nayo ni 38. Mzoga haupoi hata kidogo, na bakteria wanazaana kwa kasi kati ya nyuzi 4 na 60. Sehemu inayoanza kuoza ni ndani ya paja, pale kichwa cha mfupa kinapoingia kwenye nyonga. Nje nyama inang'aa, ukifika kwenye mfupa harufu inakupokea. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: ngozi iwe imetoka ndani ya saa moja, nyama iwe kwenye barafu ndani ya saa nne.

Kibali kwanza, kifungwe kwenye mzoga kabla kisu hakijagusa kitu. Halafu usifungue tumbo. Mlaze ubavu kivulini, pasua ngozi kufuata uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, makali ya kisu yakitazama juu ili usikate manyoya yakamwagikia nyama. Shusha ngozi kuelekea tumboni, uitumie kama mkeka. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa na mbavu: uinue, pitisha kisu chini ya bega, unatoka mzima. Sarara ya mgongo inafuata, kisha paja la nyuma, nyama ya shingo na ya mbavu. Geuza, rudia upande wa pili. Fileti za ndani ziache mwisho: pasua nyuma ya ubavu wa mwisho, sukuma tumbo chini kwa kiganja, zivute kwa vidole. Tumbo likichanika hapo, umeharibu sehemu bora kuliko zote.

Watu wawili wenye visu vikali wanamaliza kwa dakika 45 hivi. Mapaja yatoeni mfupa hapo hapo, mkifuata mshono wa ndani wa misuli, ili joto la katikati lipate pa kutokea.

Mifuko iwe ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mifuko ya plastiki ni marufuku kwa nyama ya moto: inatoa jasho, na nyama iliyolowa kwenye joto haichukui muda kuoza. Tundika mifuko kwenye kivuli chenye upepo huku mkimalizia kazi. Uso wa nyama ukikauka na kuwa na utando mkavu, hata inzi wanashindwa kutaga.

Sasa umbali. Dume la Coues, yule kulungu mdogo wa mkia mweupe wa vilima hivyo, ana kilo 45 hivi akiwa hai na atakupa nyama tupu kilo 15 hadi 18. Mnagawana, mnatoka kwa safari moja. Dume la mule deer, yule wa masikio makubwa wa bondeni, linaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Kwa ardhi ile ya mawe na miiba, mzigo mgongoni, hesabuni kilomita 2 kwa saa. Kwa Coues, kilomita 3 kutoka kwenye gari ni sawa. Kwa mule deer mchana, sitoki zaidi ya moja na nusu.

Kwenye gari muwe na maboksi mawili ya barafu ya lita 60. Gandisheni madumu ya maji ya galoni moja, manne kila boksi: yanakaa muda mrefu kuliko barafu ya vipande, hayalowanishi nyama, na yakiyeyuka mnakunywa. Maboksi yapoozwe tangu usiku wa kuamkia safari, maana boksi lililoshinda kwenye gari la moto linakula barafu yote ya mwanzo kwa ajili yake lenyewe. Yafunikwe blanketi, na tundu la kutolea maji liachwe wazi.

Muuguzi_PHX

Naongezea upande wa mwili. Matembezi ya asubuhi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano: lita 3 hadi 4 kila mtu mgongoni. Siku nzima pamoja na kambini: lita 6 hadi 8. Kwa watu wawili na siku mbili, msiondoke mjini na chini ya lita 40 garini, ziada ikiwa ya kuharibikiwa njiani. Nusu ya maji ya mgongoni ikiisha, mnageuza, hata kama kulungu anaonekana kilima cha pili.

Ila maji matupu nayo yanaua. Anayekunywa zaidi ya lita moja na nusu kwa saa huku akitoka jasho anapunguza chumvi ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wanamwongezea maji. Pakiti za ORS mnazijua tangu utotoni, ni zile zile. Mkizikosa: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha.

Mwili unazoea joto kwa siku 7 hadi 14 za kutembea juani kidogo kidogo, kwa hiyo mazoezi ya asubuhi kwenye kiyoyozi hayahesabiki. Na mtu akianza kuongea ovyo au kuyumba, msisubiri jasho likauke ndipo muamini ni joto. Kivuli, nguo zilowe, mpepeeni mfululizo, pigeni 911 ya dharura. Mtandao wa simu huko kwenye makorongo hamna, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni bora kuliko darubini ya pili.

Maji ya malambo ya ng'ombe yachujwe. Yakiwa na utando wa kijani-buluu juu yaacheni kabisa, chujio haliondoi sumu ile.

Mzee_wa_Kilimani

Lambo au darubini? Inategemea mvua. Msimu wa mvua za radi huko ni kati ya 15 Juni na 30 Septemba. Ikiwa imenyesha siku tatu nne zilizopita, kila shimo la mwamba lina maji na majani mabichi yanampa kulungu unyevu wake. Mtakaa lambo mkihesabu ng'ombe. Ikiwa ni kavu, lambo lenye nyayo mbichi ni dhahabu. Kaeni mita 20 hadi 25, upepo ukiwatoka majini kuja kwenu, chini ya kivuli cha mesquite, mti wa miiba wa jangwani, badala ya kile kibanda cha turubai ambacho ndani ni tanuri.

Kwa darubini: muwe juu kabla ya mwanga, jua likitokea nyuma yenu, yaani mnatazama magharibi. Darubini ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi milimita 42) kwenye stendi ya miguu mitatu inatosha. Mkono unatikisika, na Coues ni wa kijivu kama mawe, unachoona ni sikio likitikisika au ncha ya mkia. Wanakula saa mbili za kwanza, kisha wanajilaza miteremko ya kaskazini. Wawindaji wengi hapo ndipo wanakunja vitu waondoke. Kivuli kinahama, na kulungu naye lazima anyanyuke kukifuata, mara nyingi kati ya saa nne na saa saba mchana. Madume wakati huo bado yana ngozi laini kwenye pembe na hutembea kwa makundi, kwa hiyo ukimwona mmoja, usimnyemelee mpaka umejua wenzake wako wapi. Hewa nayo: alfajiri inashuka mteremko, jua likishika inapanda. Mnyemelee kutoka juu baada ya upepo kugeuka, si katikati ya mgeuko.

Mkipiga, subirini nusu saa kama mshale una povu la damu ya mapafu. Damu kwenye mawe ya moto inakauka na kuwa kahawia upesi, wekeni alama kila tone. Mshale ukirudi na majimaji ya kijani ya tumbo mmeingia pabaya: kawaida ni kusubiri saa sita au zaidi, na kwa nyuzi 40 muda huo ndio unaopoteza nyama. Kwa hiyo mnyama aliyekaa upande msiouamini aachwe apite.

Sheria chache zinazowakamata watu. Kupiga kambi ndani ya robo maili, kama mita 400, ya chanzo pekee cha maji cha wanyama au mifugo ni kosa. Kamera za kutegesha kwa ajili ya kuwinda zimepigwa marufuku tangu Januari 2022. Kumwaga mahindi au chakula cha kuvutia, marufuku. Ardhi ya jimbo unaingia kwa leseni yako ya kuwinda, ukiwa unawinda kweli. Na maeneo ya upinde hufungwa idadi ya kulungu waliopigwa ikitimia, kwa hiyo angalieni tovuti ya idara ya wanyama kabla ya kuwasha gari, na mkipata, toeni taarifa ndani ya saa 48.

Mkazi_Tucson

Shukrani sana wakuu, na wewe Muuguzi. Mawili ya nyongeza: mwenzangu ni Muislamu, bismillah ni wakati gani? Na korongo lenye mchanga safi linatuvutia kwa kambi.

Kisu_Butu

Bismillah ni wakati wa kuuachia mshale, na mshale uwe umechoma kwa makali yake. Mkimkuta bado ana uhai kamili hukumu yake ni ya kuchinjwa, hivyo mwenzako amuulize shehe wake na asome kifungu cha zana zinazoruhusiwa kabla ya kwenda.

Mzee_wa_Kilimani

Korongoni hapana kabisa, ndugu yangu. Mvua inanyesha mlimani kilomita 15 kutoka kwenu, juu yenu nyota zinawaka, na maji yanakuja. Pandeni kwenye bapa lililo juu ya kingo, gari ligeuzwe pua kuelekea barabarani. Wingu la radi likijengeka baada ya saa saba mchana, shukeni kutoka kwenye mgongo wa kilima. Kwenye begi tieni kitana cha meno mapana na koleo dogo: kipande cha cholla, dungusi la miiba mingi, kikikushika usikiguse kwa mkono, pitisha kitana kati yake na ngozi ukirushe, kisha miiba iliyobaki ing'oe mmoja mmoja. Na vitambulisho vyenu vya ukaazi viwe mfukoni, maana kwenye barabara kuu ya I-19 mkirudi kuelekea Tucson kuna kizuizi cha doria ya mpaka.

Muuguzi_PHX

Na mkifika kwenye kizuizi hicho msizime gari kwa muda mrefu nyama ikiwa nyuma. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linapita nyuzi 50, hata boksi zuri linapata shida.