Kipato dola 210,000: mtoto wetu anaweza kupata msaada wa chuo Marekani?

Mama Neema, Houston
Wapendwa, habari za leo. Mwanangu Neema anaanza chuo Agosti 2026. Mimi nesi, baba yake ana lori lake. Mwaka 2024 nilipiga ovataimu kweli kweli, tukafika 210,000. Tumejaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa chuo, na SAI, namba ya kukadiria uwezo wa familia kuchangia, imetoka 48,000. Hizo ndizo tutakazolipa kila mwaka? Nyumba bado ina mkopo, mama mkwe yuko Moshi anasafishwa figo kwa gharama zetu, na mdogo wake Neema naye anaingia chuo 2027. Tuachane na vyuo vya bei kubwa?

Baba Zawadi, Minneapolis
Pole na majukumu, dada. Msiachane navyo. SAI si bili. Chuo kinajumlisha gharama zake za mwaka, yaani ada, chumba, chakula, vitabu na nauli, kinapunguza humo SAI, kinachobaki ndiyo uhitaji wenu. Chuo cha jimbo cha 32,000: kwao hamna uhitaji hata senti. Chuo binafsi cha 88,000: uhitaji ni 40,000. Sisi na binti yetu, chuo kilichotutisha kwa bei ndicho kilichotutoza kidogo.

Ila vyuo vingi haviuzibi uhitaji wote. Uliza kila kimoja, na uulize wanaziba kwa ruzuku au kwa mkopo. Princeton wametangaza kwamba kuanzia 2025 familia nyingi za hadi 250,000 hazilipi ada. Harvard na MIT ni hadi 200,000, kwa wenye mali za kawaida. Kuingia huko ndiyo kazi.

Vyuo binafsi vingi vinataka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuomba msaada wa chuo chenyewe, na hiyo inachimba. FAFSA haiulizi nyumba mnayoishi wala akiba ya uzeeni. CSS inaiuliza nyumba, ina thamani gani na deni limebaki kiasi gani. Lori pia: FAFSA ya 2026-27 imeacha tena kuhesabu biashara ndogo ya familia, CSS haijaacha.

Dada Rehema, Dallas
Mama Neema, hiyo ovataimu iandikie barua. Wanaangalia kodi ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo kama mwaka huu zamu zimepungua, peleka vocha za mshahara ofisi ya msaada wa masomo uombe wapitie upya. Mama mkwe haingii kwenye idadi ya familia kwa sababu hamuishi naye, lakini risiti za hospitali ambatanisha. Na tangu 2024-25 FAFSA haigawi tena mchango wa wazazi kwa watoto wawili waliopo chuo. Vyuo vya CSS vingine bado vinazingatia, ulizeni mapema.

Mama Neema
Mungu awabariki. Risiti ninazo zote kwenye WhatsApp. Kuna kiwanja Kigamboni, baba yao anataka kukiandikisha jina la mdogo wake Neema kabla ya fomu zake.

Baba Zawadi
Hapana, dada! Katika mali ya wazazi, FAFSA haihesabu zaidi ya asilimia 5.64 kuwa ya kulipia chuo. Ya mtoto inahesabu asilimia 20. Kiwanja cha Bongo nacho kinaandikwa, kwa thamani ya leo. Mwambie shemeji hati ibaki ilivyo.